Thelathini na Saba Wasiopimwa

Nililikuta kosa siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi. Jambo la kwanza nililofanya ni kukisogeza kikombe cha chai mbali na kompyuta. La pili ni kuhesabu upya. Jibu halikubadilika: watu thelathini na saba, wote wenye alama 99, wote waliopimwa katika kituo kimoja, siku moja.

Jina la ishirini na tatu katika orodha lilikuwa langu, Nyemo Chilongani.

Mwaka huo, 2094, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano na nilijenga vielelezo vya maji ya ardhini, yaani hesabu za kukisia yatakavyopanda na kushuka, katika Nyumba ya Makadirio, Mpwapwa. Kazi ya siku ile haikuwa yangu ya kawaida. Sheria ilitaka kila mashine inayoamua mambo ya watu ikaguliwe baada ya miaka kumi, na mkaguzi apatikane kwa kura. Kura iliniangukia mimi, na mashine yenyewe ilikuwa ile iliyonifikisha pale.

Rasmi iliitwa Mfumo wa Makadirio ya Njia za Kazi. Sisi tuliiita Falaki, kwa sababu ilifanya kazi ya wapiga falaki wa zamani: ilimtazama mtu mara moja na kumwambia maisha yake yote. Tofauti ni kwamba mpiga falaki, mtu aliweza kumbishia. Kila mhitimu wa takwimu alivaa utepe wa kichwani akiwa na miaka ishirini na minne, akajibu maswali kwa saa sita, na Falaki ikampa alama. Aliyepata themanini na tano au zaidi alikwenda Njia ya Vielelezo: miaka miwili ya mafunzo Mpwapwa, kisha ofisi yenye dirisha. Wa kati walikwenda Njia ya Usafishaji, kurekebisha data za wengine. Wa chini ya sitini walikuwa wadadisi, watu wa kupita nyumba kwa nyumba na dodoso. Alama yenyewe ilikuwa siri. Mtu aliambiwa njia yake tu. Hakuna aliyehama njia. Kuhama kulihesabiwa kuwa upotevu wa mafunzo.

Kipimo kiliishia 98. Hilo halikuwa bahati mbaya. Tangu enzi za karatasi, karani wa sensa akikosa jibu huandika 99, na kila mtu wa kazi hii anajua kwamba 99 pale si namba, ni ukimya. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2083 mfumo ulihamishiwa mitambo mipya, na daftari la misimbo, linaloeleza maana ya kila namba, likabaki kabatini. Mitambo mipya iliisoma 99 kama namba, tena kubwa kuliko zote. Ni kosa ambalo mkulima hawezi kulifanya, wala fundi cherehani. Linahitaji watu wenye shahada mbili.

Machi ya mwaka huo radi ilipiga mnara wa kituo cha Kongwa wakati watu sabini na wanne wakipimwa. Taa za tepe zilizimika, zikawaka tena baada ya dakika moja, na wote tuliendelea kujibu. Tepe thelathini na saba zilikuwa zimekufa ndani. Hazikurekodi chochote. Falaki iliandika 99 kwa kila mmoja wetu, na mwaka ule magazeti yakajiuliza kuna nini katika maji ya Kongwa hata yazae vipaji vingi namna hiyo.

*

Mkaguzi anapokuta kosa, swali lake la pili ni kosa hilo limedhuru nini. Nilitumia siku tatu kulijibu.

Katika miaka kumi na moja, watu 412 waliingia Vielelezo kwa alama halali. Sisi thelathini na saba tuliingia kwa radi. Makundi yote mawili yalipata walimu wale wale, madawati yale yale, na makadirio yao yalipimwa kwa njia ile ile: kila mwisho wa msimu unalinganisha ulichokisia na kilichotokea. Wastani wa kosa kwa waliochaguliwa ulikuwa asilimia 7.3. Kwa wasiopimwa ulikuwa 7.1. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Ungeweza kuipata kwa kuwagawa watu wale wale kwa kurusha sarafu.

Sasa, radi haichagui. Kwa kawaida Falaki ilimpitisha mtu mmoja kati ya watano, kwa hiyo kati ya thelathini na saba wangepita kama saba. Thelathini waliobaki wangekuwa wadadisi au wasafishaji. Niliwatafuta thelathini hao katika matokeo, nikitarajia kundi la watu dhaifu mahali fulani chini ya jedwali. Hawakuwapo. Walikuwa wamechanganyika na wengine kama maziwa ndani ya chai.

Hitimisho lilikuwa fupi kuliko nilivyopenda. Alama ya Falaki haikubashiri kitu. Mafunzo ndiyo yaliyotenda kazi. Na wadadisi elfu moja na mia moja walikuwa wamefungiwa njia moja kwa sababu ya tarakimu mbili zisizo na maana.

Kuhusu mimi, vielelezo vyangu vilikosea kwa asilimia 5.2 tu. Sikuwa tena na hakika kwamba nina kipaji. Nilikuwa na hakika kwamba nilifundishwa.

*

Ijumaa mchana nilikaa bwaloni na Kihwelo, anayejenga vielelezo vya mavuno ya alizeti katika chumba cha jirani. Yeye ni Mhehe na mimi ni Mgogo, yaani ni watani, na mtani hana adabu wala haitaki.

"Mgogo hujagusa mlenda wako," alisema. "Unaumwa?"

"Nafikiri."

"Basi unaumwa."

"Tuseme mdadisi amekosa jibu, akaandika 99, na mtu mwingine akaisoma kama umri."

"Inatokea kila mwaka. Mimi niliwahi kupata mabibi mia nne katika kijiji kimoja. Kumbe ni shule ya awali."

"Tuseme si umri. Tuseme ni alama ya Falaki."

Kihwelo aliweka kijiko chini, akanyamaza. Mhehe akinyamaza, majirani hufunga milango.

"Kongwa," alisema mwishowe.

"Sijataja kituo."

"Nilikuwa ukumbini, Nyemo. Nilikuwa safu moja nyuma yako, nikikutazama kisogo saa sita nzima. Radi ile ilinitoa machozi." Aliinama karibu. "Wangapi?"

"Thelathini na saba."

"Na sisi wa Kongwa tuko hapa arobaini na wanne. Thelathini na saba kwa arobaini na nne." Alifumba macho. "Asilimia themanini na nne. Mimi nimo?"

"Siwezi kukwambia."

"Uso wako unasema nimo."

"Uso wangu si chanzo rasmi cha takwimu."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Alijua sheria kama nilivyoijua mimi. Kifungu cha tisa: aliyewekwa katika njia kwa kosa huondolewa siku anapojulikana, na kuanzia chini, udadisi.

"Sikiliza, mtani," alisema. "Fungua faili, geuza hizo 99 ziwe nafasi tupu, andika 'kasoro ndogo imerekebishwa', kula mlenda. Hakuna aliyedhurika. Mti umezaa, wewe unataka kuung'oa kwa sababu mbegu ilidondoka kutoka mfukoni mwa mtu?"

"Wadadisi elfu moja na mia moja wamedhurika."

"Hawajui."

"Mimi najua."

"Basi toa matokeo, ficha majina. Kifungu cha kumi na mbili: taarifa iliyotolewa kwa ajili ya takwimu haitatumika dhidi ya aliyeitoa. Funga orodha, hata Bodi haiwezi kuifungua."

"Ndivyo nitakavyofanya. Lakini mkaguzi lazima atamke maslahi yake. Kuna jina moja siwezi kulifunga."

Kihwelo alinitazama nikila. Mlenda ulikuwa umepoa.

"Hapana," alisema. "Na wewe?"

"Utepe wangu ulikuwa sentimita ngapi kutoka kwenye pua yako?"

"Na kielelezo cha maji? Miaka mitano ya kazi, nani atakimaliza?"

"Atakayefundishwa."

"Wewe mwanamke," alisema Kihwelo, "ukienda mbinguni utamwambia Malaika Mkuu kwamba idadi ya mabawa haikuhakikiwa." Kisha akamega ugali wangu bila kuomba, na kwa mtani hiyo ni rambirambi.

*

Dakta Eliakunda Mchome, mkurugenzi wetu, ndiye aliyeijenga Falaki. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mrefu, na alisoma kila ripoti na penseli mkononi. Jumatatu asubuhi aliniita. Kurasa zangu kumi na moja zilikuwa mezani kwake.

"Ukurasa wa sita," alisema. "Wasiopimwa wote ni wa mwaka mmoja. Waliochaguliwa ni wa miaka kumi na moja. Umelinganisha wazee na vijana?"

"Hapana, Daktari. Kiambatisho cha pili kinalinganisha wa mwaka ule peke yao. Jibu ni lile lile."

Alifungua kiambatisho, akakisoma chote. Nilisubiri. Dirishani kwake milima ya Mpwapwa ilikuwa ya kijani. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla ya tarehe niliyoikadiria.

"Nimetafuta kosa tangu saa kumi na mbili asubuhi," alisema.

"Umelipata?"

"Moja. Jedwali la nne, umeandika 'wastani' bila kusema kwamba waliokadiria mara nyingi wamehesabiwa zaidi."

"Nitarekebisha."

"Huenda Falaki inapima kitu ambacho wewe hukukipima."

"Huenda. Watu thelathini na saba hawatoshi kuivunja mashine. Wanatosha kuomba jaribio halisi."

Alitikisa kichwa taratibu, na sikuweza kujua kama ni kukubali au kuhuzunika. Miaka ishirini ya maisha yake ilikuwa katika mashine ile.

"Orodha ya majina iko wapi?"

"Imefungwa."

"Ifungue."

"Kifungu cha kumi na mbili, Daktari."

"Kifungu hicho nilikiandika mimi."

"Ndiyo maana hakina mwanya."

Mdomo wake ulitaka kucheka, akauzuia. Alifungua ukurasa wa mwisho na kuweka ncha ya penseli chini ya sentensi moja: *Mwandishi wa ripoti hii ni mmoja wa watu thelathini na saba.*

"Hii hukuulizwa na mtu."

"Msomaji ana haki ya kujua kama mwandishi anafaidika na hitimisho lake."

"Hufaidiki. Unaumia."

"Kuumia nako ni maslahi. Ningeweza kupindisha hesabu kuelekea upande wa pili."

Dakta Mchome aliweka penseli chini. Alivuta droo, akatoa utepe wa kichwani, wa aina mpya, mwembamba, akauweka juu ya ripoti yangu.

"Kifungu cha tisa kinanitaka nikuondoe leo kabla ya jua kutua," alisema. "Lakini hakisemi kwamba siwezi kukupima kabla ya hapo. Ni saa sita za maswali. Ukipata themanini na tano, hukuwekwa kwa kosa. Unabaki, na maji yako, na dirisha lako. Mwanangu, ninakuomba uuvae."

Katika miaka tisa hakuwahi kuniita mwanangu.

Nilihesabu, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Uwezekano wangu wa kupita ulikuwa mmoja kwa tano. Baadaye nilikubali kwamba, kwa sekunde chache, mmoja kwa tano ulionekana mkubwa sana.

"Nimetoka kuandika kurasa kumi na moja kueleza kwamba utepe huu haupimi kitu," nilisema. "Nikiuvaa leo, nitakuwa nasema nini?"

"Utakuwa unasema kwamba unaipenda kazi yako."

"Naipenda sana, Mama. Hilo halimo katika jedwali."

Kisha akaurudisha utepe drooni, akachukua penseli, na chini ya jina langu akaandika tarehe na saa. Saa tano na dakika kumi. Jua lilikuwa bado mbali na kutua.

*

Bodi ilikaa kwa siku mbili. Siku ya kwanza wajumbe walitaka majina, wakashindwa. Siku ya pili Dakta Mchome alisimama na kusema kwamba alikuwa ametumia miaka ishirini kuwapima watu kwa mashine, na hata siku moja hakuwahi kuipima mashine kwa watu. Aliomba wadadisi mia moja wachukuliwe kwa kura, wapewe miaka miwili ya mafunzo ya Vielelezo, na makadirio yao yapimwe sambamba na ya waliochaguliwa. Hadi matokeo yatoke, Falaki isimfungie mtu njia. Wajumbe saba walikubali, wanne walikataa.

Wakati huo habari zilikuwa zimevuja, kama habari zinavyovuja katika nyumba yenye bwalo moja. Nilitarajia wenzangu wa Kongwa wajifiche. Lilitokea jambo ambalo hakuna kielelezo changu kingelikadiria: watu walianza kujidai. Kutopimwa kukawa sifa. Mtu aliyefanya kazi vizuri bila baraka za Falaki, alifanya kwa nguvu zake mwenyewe. Kufikia Alhamisi walijiita Watoto wa Radi. Kihwelo alibandika mlangoni kwake picha ya wingu. Kwa udadisi nilihesabu waliodai kuwa miongoni mwa thelathini na saba: walikuwa mia moja na kumi na wawili, wakiwemo watatu waliopimwa Tabora na mmoja aliyekuwa mpishi.

"Mimi peke yangu ndiye wa kweli," Kihwelo aliniambia nilipokuwa nafungasha vitabu. "Niambie tu kwa jicho. Kope moja ni ndiyo, mbili ni hapana."

Nilimtazama bila kupepesa mpaka machozi yakanitoka.

"Mgogo katili," alisema, akanibebea sanduku hadi getini.

Kura ilipigwa Jumamosi uwanjani, mbele ya watu, kwa tenga la chuma lenye vipande vya mbao vilivyoandikwa namba. Sikushiriki kuipanga, na hilo lilikuwa na faida moja: tangu Jumatatu iliyotangulia nilikuwa mdadisi kama wadadisi wengine, kwa hiyo namba yangu ilikuwamo. Namba elfu moja na mia moja na moja, nafasi mia moja. Asilimia tisa na kidogo. Wa kwanza kuitwa alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne kutoka Kibaigwa, akapaza sauti, "Mnanitania!" na watu wakambeba juu juu. Mama mmoja aliyeitwa wa arobaini aliuliza kama anaweza kuja na mbuzi wake. Nilisikiliza namba zote mia moja.

Yangu haikutoka. Mtu aliyesoma hesabu hapaswi kushangaa asilimia tisa isipotokea. Nilishangaa kwa muda wa kama dakika mbili.

*

Jumatatu saa mbili nilikuwa Kibakwe na dodoso mkononi, katika uwanja wa Mama Chedego, mjane mwenye kuku wengi na kisima kimoja. Alinipa kigoda na kikombe cha uji kabla sijajitambulisha. Maswali kumi na matatu ya kwanza yalikwenda vizuri. Swali la kumi na nne liliuliza kina cha kisima. Vihisi vya kupimia kina visimani huliwa na chumvi ndani ya mwaka mmoja katika eneo lile, ndiyo maana watu bado huulizwa.

"Andika ishirini," alisema Mama Chedego.

"Umekipima?"

"Mwenzako wa mwaka jana aliandika ishirini. Wa mwaka juzi ishirini. Wote huandika ishirini, wanakunywa uji, wanakwenda. Hata kwa jirani ni ishirini."

Kalamu yangu ilisimama. Miaka minne iliyopita nilikuwa nimechapisha makala ya kurasa arobaini kuhusu tabaka la mwamba lililo chini ya Kibakwe, ambalo kwa namna ya ajabu lilivizuia visima vyote katika mita ishirini. Makala ilisifiwa. Wanajiolojia wawili walikuwa wameijibu kwa heshima.

"Mama," nilisema, "una kamba?"

"Ninayo. Ya nini?"

"Nataka kuona mwamba wangu."

Alicheka, ingawa hakuelewa, akaleta kamba ndefu ya katani. Tulifunga jiwe, tukaishusha wote wawili, kuku wakituzunguka. Ilipogusa chini nilitia fundo, nikaivuta, nikaipima kwa futi yangu ya mkononi juu ya udongo. Mita kumi na tatu na nusu.

Niliandika kumi na tatu nukta tano. Kulikuwa na visima ishirini na nane zaidi katika orodha yangu ya wiki ile. Nilimaliza uji, nikamshukuru, na kumwomba aniazime kamba mpaka Ijumaa.